Moshi wa Nachingwea unatoka wapi? Kusoma nukta za moto, moshi na vumbi kwenye picha za setilaiti

Msitu_Nachingwea

Wakuu, salaam. Kipupwe kimeshika, nyasi zimekauka na moto umeanza. Kamati za maliasili za vijiji vyetu zinataka kufuatilia moto kichaa na moshi wake kwa picha za setilaiti, maana doria ya miguu peke yake haitoshi. Tumeanza na FIRMS ya NASA, ramani inayoonyesha moto kwa nukta, kwenye simu, lakini kuna mambo hayakai sawa. Naomba wenye ujuzi mtufafanulie.

Kwanza, ramani inaweka nukta katikati ya shamba la mikorosho. Wanakamati wakifika wanakuta shamba zima, halijaungua hata jani. Mara nyingine ni kinyume: kijiji kizima kimeona moto wa jioni, ramani haina kitu.

Pili, asubuhi mji unajaa utusitusi hadi saa tatu hivi, na jirani hakuna nukta. Watu wanasema ni moshi wa hifadhini, upande wa Liwale. Nitathibitishaje?

Tatu, kuanzia mwezi wa tisa anga linageuka rangi ya udongo. Wapo wanaosema ni moshi, wapo wanaosema ni vumbi la barabara na mashamba yaliyosafishwa, na wengine bado wanalaumu salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Setilaiti inaweza kutofautisha?

Tuna simu, laptop moja na bando la kubana. Fedha ya kununua picha hatuna.

Anga_Mikindani

Mkuu, picha unazozihitaji hazinunuliwi, zote ni za bure. Nianze na saa, kwa sababu nusu ya swali lako la kwanza iko hapo.

Nukta nyingi za FIRMS zinatoka kwenye kamera ya VIIRS iliyoko kwenye setilaiti tatu: Suomi NPP, NOAA-20 na NOAA-21. Kila moja hupita mara mbili kwa siku, kama saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku kwa saa ya jua. Huku kusini mashariki jua liko nyuma ya saa ya mkononi kwa dakika 20 hadi 25, kwa hiyo hesabu saa 7:50, mchana na usiku. Lakini kamera hiyo inafagia upana wa kilomita 3,060, hivyo siku moja itakuona ikiwa imepita mashariki yako, siku nyingine magharibi, na saa husogea mbele au nyuma karibu saa nzima.

Sasa chukua moto wa kusafishia shamba. Unawashwa saa kumi jioni jua likipoa, saa mbili usiku umeshakuwa majivu. Setilaiti ya mchana imeshaondoka, ya usiku bado haijafika. Hapo usitegemee nukta, na wala mtambo haujakosea.

Mambo mengine yanayoficha moto ni wingu zito, na moto unaotambaa chini ya vichaka vilivyoshonana kama vile vya pwani. Tanuri la mkaa lililofukiwa udongo nalo kwa kawaida halitoi nukta, joto lake limefunikwa. Moshi wenyewe hauzuii sana, kwa sababu moto hutafutwa kwa mawimbi ya karibu mikromita 4, ambayo hupenya moshi.

Halafu tarehe. Ukipakua faili la CSV (jedwali la nukta), safu ya acq_time, yaani saa ya picha, iko kwa saa za kimataifa, UTC. Ongeza tatu, kisha geuza kwa saa zetu. Mstari wenye 1050 ni 13:50, yaani saa 7:50 mchana. Mtego uko usiku: mstari wa tarehe 14 wenye 2250 ni saa 7:50 usiku, na kwa kalenda ya ukutani tayari ni tarehe 15. Nimeona ripoti za doria zikipishana na ramani siku nzima kwa sababu hiyo tu. Na Excel ikikuonyesha 750, soma 0750, imekata sifuri ya mbele.

Kwa moto wa alasiri na jioni angalia Meteosat, setilaiti za Ulaya za hali ya hewa zinazokaa juu ya mahali pamoja. Iko moja juu ya Bahari ya Hindi kwenye longitudo 45.5 mashariki, karibu utosini petu, na inatoa picha kila dakika 15. Kasoro yake ni pikseli ya kilomita tatu: moto wa shamba la ekari mbili hauoni, ila moto wa mstari mrefu msituni unaonekana ukiwaka na unavyosogea. Fungua tovuti ya EUMETView, chagua picha za Bahari ya Hindi, uzicheze mfululizo.

Ramani37S

Naongezea kuhusu nukta yenyewe, maana hapa ndipo watu wanapogombana vijijini.

Nukta huwekwa katikati ya pikseli, hata kama moto uko pembeni. Pikseli ya VIIRS chini ya setilaiti ni mita 375, ikiwa pembezoni mwa picha inafika karibu mita 800. Moto wenyewe unaweza kuwa popote ndani ya mraba huo. Kwa hiyo shamba lenye nukta likiwa zima, tafuta kwenye mzunguko wa mita 400 kabla ya kusema setilaiti imedanganya. MODIS, kamera ya Terra na Aqua, ni kubwa zaidi: kilomita moja katikati, na pembezoni inavimba hadi karibu kilomita 4.8 kwa 2. Safu za scan na track kwenye CSV zinakupa ukubwa halisi wa pikseli kwa kilomita. Zisome kwanza kabla hujamtuma mtu.

Kosa la pili ni kuzidisha nukta kwa ukubwa wa pikseli. Mita 375 kwa 375 ni hekta 14, basi mtu akiona nukta kumi anaandika hekta 140 zimeteketea. Hapana. Moto wa mita chache za mraba ukiwa mkali unatosha kuwasha pikseli nzima, na moto mmoja unaweza kuwasha pikseli mbili zilizopakana. Tena setilaiti zikiwa tatu, moto uleule unahesabiwa hadi mara tatu mchana mmoja.

Kosa la tatu ni la ramani. Ramani nyingi za zamani za Tanzania ziko kwenye mfumo wa vipimo wa Arc 1960, wakati FIRMS na simu zinatumia mfumo wa WGS84. Ukizichanganya bila kuambia programu, mpaka wa kijiji unahama karibu mita 300 kaskazini-kusini. Hiyo inatosha kuuhamishia moto kwa jirani. Kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani, faili la FIRMS liingize kwa namba ya mfumo EPSG:4326. Mipaka ikiwa ya Arc 1960 UTM kanda ya 37 kusini ipe EPSG:21037, ikiwa ya WGS84 ipe EPSG:32737. Ukiwa na shaka, chukua GPS nenda kwenye jiwe la mpaka linalojulikana, linganisha.

Kuhusu safu ya confidence, kwa VIIRS kuna ngazi tatu: low, nominal na high. Wengi wanachuja wabaki na high tu, wanatupa moto halisi. High maana yake pikseli imejaa joto mpaka kamera imefika kikomo chake. Nominal ni moto unaoeleweka, uliozidi mazingira yake kwa zaidi ya nyuzi 15 na usio na mng'ao wa jua. Low za mchana ndizo za kutilia shaka: mng'ao wa jua au tofauti ndogo ya joto. Chukua nominal na high, low iache kama ishara ya kuangalia tena kesho.

Angalia pia nukta inayorudi palepale mwezi hadi mwezi, mvua au kiangazi. Mwali wa gesi mitamboni au tanuru la kiwanda linaweza kuandikwa kama moto. Faili la haraka, lile linalotoka ndani ya saa tatu, halikuambii aina ya chanzo. Safu hiyo ya type huja kwenye faili lililosahihishwa baadaye: 0 ni uoto, 2 ni chanzo cha kudumu cha nchi kavu, 3 ni baharini. Tengeneza orodha yenu ya vyanzo vya kudumu mapema.

Uthibitisho wa kilichoungua ni kovu, yaani alama inayobaki ardhini. Ingia tovuti ya Copernicus Browser, chagua setilaiti ya Sentinel-2, weka mchanganyiko wa chaneli B12, B8A na B4. Mahali palipoungua panakuwa na rangi ya kahawia nyekundu hadi nyeusi, uoto hai unabaki kijani, na unaona hadi mita 20. Inapita kwetu kama saa 4:50 asubuhi, wakati moto mwingi haujawashwa, kwa hiyo usiitegemee kwa miali, itegemee kwa makovu. Usichelewe: kwenye nyasi za miombo majivu yanapeperuka, nyasi zinachipua, na kovu linafifia ndani ya wiki chache. Linganisha picha ya kabla na ya baada, usisome moja peke yake, maana kivuli cha wingu na mbuga ya udongo mweusi vinafanana sana na kovu.

Kusi_na_Umande

Mkuu Msitu_Nachingwea, mimi nije kwenye swali la tatu, ambalo ni tamu zaidi.

Moshi na vumbi vinatofautiana kwa ukubwa wa chembe. Chembe nyingi za moshi ziko chini ya mikromita moja, za vumbi ni kubwa mara kadhaa. Kila jaribio nitakalokupa linatumia tofauti hiyo, kwa hiyo ukiishika hiyo hutahitaji kukariri rangi.

Jaribio la kwanza. Fungua NASA Worldview, tovuti ya picha za kila siku, weka picha ya rangi asilia ya NOAA-20 ya siku hiyo. Ukiona tandiko la kijivu lenye ubluu, usiamue bado. Ongeza picha ya mchanganyiko M11-I2-I1 ya setilaiti hiyohiyo (kwa MODIS inaitwa 7-2-1), kisha uwe unaiwasha na kuizima. Mchanganyiko huu unatumia zaidi mawimbi marefu kuliko mwanga tunaouona, nayo yanapita kati ya chembe ndogo za moshi kama hazipo. Tandiko likiyeyuka na ardhi ikaonekana safi chini yake, huo ni moshi. Likibaki, ni vumbi au wingu. Wingu la matone linabaki jeupe, wingu la barafu linakuwa samawati. Moshi mzito sana karibu na moto wenyewe unaweza kuacha ukungu kidogo wa bluu, huo usikusumbue.

Jaribio la pili ni gesi. Moto hutoa kaboni monoksidi, vumbi halitoi. Setilaiti ya Sentinel-5P inapima vitu viwili kila siku mchana: kiashiria cha erosoli (chembe zinazoelea hewani) kwa mwanga wa urujuanimno, na kaboni monoksidi. Viwili vikipanda pamoja, ni moshi. Kiashiria kikipanda na gesi ikabaki ya kawaida, ni vumbi. Jihadhari na kitu kimoja: kiashiria hicho kinategemea kimo. Moshi uliolala chini karibu na ardhi huonyesha kidogo sana, moshi huohuo ukipanda kilomita tatu unawaka. Kwa hiyo thamani ndogo haimaanishi hewa safi.

Jaribio la tatu ni picha ya vumbi ya Meteosat. Hii hutengenezwa kwa tofauti za joto kati ya chaneli za mikromita 8.7, 10.8 na 12, kwa hiyo inafanya kazi mchana na usiku. Vumbi linatokea kwa rangi ya waridi iliyoiva. Mawingu mazito ya juu ni nyekundu ya kahawia, yale membamba ya juu ni meusi. Moshi hauonekani humo kabisa, chembe zake ni ndogo mno kwa mawimbi hayo. Ukiona anga chafu kwenye rangi asilia na picha ya vumbi iko kimya, jibu liko upande wa moshi.

Lakini usiseme "picha ya vumbi iko kimya, basi hakuna vumbi". Picha hii ilipangwa kwa jangwa, Sahara na Arabuni, ambako vumbi linapanda juu na kupoa kuliko ardhi. Vumbi la barabara ya Nachingwea kwenda Liwale linaelea mita chache juu ya ardhi, joto lake ni lile la ardhi, hivyo tofauti ya kupima karibu haipo. Ongeza unyevu wa pwani: mvuke wa maji huvuta tofauti ya chaneli hizo upande ulio kinyume na vumbi, vinafutana. Na mkia wa vumbi la lori una upana wa mita kumi au ishirini, pikseli ya Meteosat ni kilomita tatu. Hata Sentinel-2 itauona tu kama lori limepita dakika ileile. Vumbi la mashamba yaliyolimwa, upepo ukiwa mkali mchana, unaweza kuliona kwenye picha ya mita 250 kama michirizi ya hudhurungi inayoanzia kwenye uwazi na kuelekea upande wa upepo. Hiyo ndiyo picha ya kuitafuta: lazima iwe na mwanzo unaoeleweka.

Salfa iondoe kwenye orodha. Inapulizwa alfajiri upepo ukiwa umetulia na umande ukiwa majani, kwenye kimo cha mikorosho. Setilaiti ya mchana ikifika imeshatua au imetawanyika. Tena msimu wake mkubwa ni wa maua, mwezi wa sita hadi wa nane, na wewe unauliza kuhusu mwezi wa tisa. Kama kuna malalamiko ya salfa yashughulikiwe shambani, kwa mwelekeo wa upepo na umbali wa nyumba. Setilaiti haina ushahidi wa kuwapa.

Kwa mwezi wa tisa na wa kumi jibu langu la kwanza ni moshi wa mbali uliochanganyika, na vumbi la kwenu likiwa la chini. Rangi ya udongo mnayoiona jua likishuka isiwadanganye, moshi pia hugeuza jua kuwa jekundu.

Msitu_Nachingwea

Asanteni sana, wakuu. Jaribio la kuwasha na kuzima limefanya kazi kwa picha ya juzi: tandiko lote limepotea, kwa hiyo ni moshi. Sasa mnipeleke kwenye utusitusi wa asubuhi. Upande wa Liwale nukta ni nyingi kweli, kule ndiko kila mtu anakonyoosha kidole.

Anga_Mikindani

Nyoosha kidole kwenye upepo kwanza. Miezi hii ni kusi, unavuma kutoka kusini mashariki. Liwale iko kaskazini magharibi yako. Moshi wa kule kusi unausukuma mbele zaidi, upande wa Ulanga na Malinyi. Upande upepo unakotoka kuja kwako ni Masasi, Newala, na ng'ambo ya Ruvuma uwanda wa Mueda na Cabo Delgado kwa jumla. Ukipanua ramani ya FIRMS hadi Msumbiji utashangaa nukta zilivyojaa. Watu wengi wanaishia mpakani kwa sababu ramani ya wilaya inaishia hapo, lakini moshi haufahamu mpaka.

Njia ya kuhakiki ni HYSPLIT ya NOAA, programu inayokokotoa hewa ilikotoka; inaendeshwa kwenye tovuti, huhitaji kusakinisha chochote. Chagua njia ya kurudi nyuma, weka latitudo -10.38 na longitudo 38.77, saa 04 UTC ambayo ni saa moja asubuhi kwetu, muda saa 24, na vimo vitatu: mita 50, 500 na 1,500. Usiweke kimo kimoja. Kwa kawaida mistari mitatu itaachana, na kuachana kwake ndiyo habari yenyewe: upepo wa chini na wa juu hauendi pamoja. Kisha fungua nukta za jana yake mchana kwenye njia hiyo, siyo za leo. Moshi wa saa moja asubuhi ni wa moto wa jana.

Mstari wa mita 50 usiuamini sana usiku. Data ya upepo inayotumika, ya GFS, ina gridi ya karibu kilomita 28, haioni bonde dogo. Usiku ardhi inapoa, hewa baridi inateremka mabondeni, na moshi wa jioni unafungiwa chini ya tabaka la hewa yenye joto. Jua likipasha ardhi, karibu saa tatu, hewa inachanganyika na utusitusi unapanda. Saa uliyoitaja inalingana na hilo kabisa. Kwa hiyo sehemu ya moshi wenu wa asubuhi inaweza kuwa ya zile moto za jioni ambazo setilaiti haikuziona: mashamba ya jirani, mabaki ya palizi, taka. Ndiyo maana nukta hamna na moshi upo.

Lindi mjini wana jambo linalofanana. Mchana upepo wa bahari unasafisha, usiku upepo wa bara pamoja na hewa inayoteremka bonde la Lukuledi unauleta moshi hadi ghubani. Picha ya saa 7:50 mchana inaonyesha pwani safi, na watu wa Lindi wameamka na moshi puani.

Hewa_Lindi

Hapo ndipo na mimi niongeze. Hakuna picha yoyote kati ya hizo inayopima hewa mnayovuta. Kipimo cha erosoli cha MODIS na VIIRS, kile kinachoitwa AOD, ni jumla ya uchafu wote kuanzia ardhini hadi juu ya anga. Moshi wa Msumbiji ukipita kilomita tatu juu, AOD inapanda na pua haisikii. Moshi wa bondeni wenye kina cha mita mia, AOD inaweza kuonekana ya kawaida na watoto wanakohoa. Isitoshe hakuna kipimo mahali penye wingu.

Mkipata mdau wa kuwasaidia, nunueni kihisi kimoja cha chembe. Vile vya bei nafuu vinavyotumia sensa ya Plantower PMS5003 vinatosha kuona mwenendo. Kifungwe kimo cha mita moja na nusu hadi mbili, kivulini, mbali na jiko la kuni na mbali na barabara. Kinakula volti 5, chaja ya simu inakiendesha. Mambo mawili ya kujua kabla ya kusoma namba zake: unyevu ukipita asilimia 80 kinazidisha, kwa hiyo alfajiri ya umande punguza imani, na chembe kubwa za vumbi kinazikosa. Kwa PM2.5 (chembe ndogo) ya moshi kiamini kiasi, kwa PM10 (hadi chembe kubwa) ya vumbi usikiamini.

Ukiwa na saa ya kilele kutoka kwenye kihisi, kazi ya picha inakuwa rahisi. Kilele cha saa 12 asubuhi kinachofifia saa tatu ni cha bondeni. Kilele kinachoingia mchana na kukaa siku mbili ni moshi wa mbali.

Utabiri wa hewa chafu wa CAMS, wa Ulaya, unaoonekana kwenye tovuti ya Windy nao ni mzuri kwa moshi wa mbali, siku tano mbele. Gridi yake ni kama kilomita 40, kwa hiyo mji wa Nachingwea na vijiji vingi vya jirani vinaweza kuangukia mraba mmoja. Usiutumie kuulizia kijiji kipi.

Mkuza_wa_Moto

Mimi nina hofu na matumizi. Kuna kamati sehemu fulani zimeanza kutoza faini kwa nukta za FIRMS: nukta imeangukia shamba lako, lipa. Kwa maelezo ya Ramani37S hapo juu hiyo ni dhuluma. Nukta inatosha kumtuma mtu akaangalie, haitoshi kumhukumu mtu.

Pia msihesabu nukta za mwezi wa tano na sita kama uharibifu wote. Mahali wanapofanya uchomaji wa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, nukta hizo ni kazi iliyopangwa ya kuzuia moto mkali wa mwezi wa tisa na wa kumi. Anayeandika ripoti atenganishe, vinginevyo kijiji kinachojilinda kitaonekana ndicho kinachochoma.

Dada_Korosho

Mkuza_wa_Moto nakubali kuhusu faini, ila tusiwavunje moyo. Tahadhari ya barua pepe ya FIRMS inasaidia kweli, tatizo ni kuchelewa. Data ya haraka inachukua hadi saa tatu. Moto wa saa 7:50 mchana unaupata karibu saa kumi na moja jioni. Kwa moto wa nyasi umeshahama, kwa moto wa msituni bado uko mbioni. Kwa hiyo ujumbe kwa kamati usiseme "moto uko hapa". Useme saa setilaiti ilipopita, mahali, ukubwa wa pikseli na upepo unaelekea wapi, ili wanaokwenda wajue moto utakuwa umesogea upande gani. Mfano: "Saa 7:50 mchana, 10.41 kusini 38.69 mashariki, ndani ya mita 400, upepo kwenda kaskazini magharibi, FRP 18." FRP ni nguvu ya moto kwa megawati, inakusaidia kupanga kipi kitangulie nukta zikiwa nyingi. Usilinganishe FRP ya MODIS na ya VIIRS kana kwamba ni mizani moja, pikseli hazilingani.

Bando: CSV ya siku moja ya eneo letu ni ndogo sana kulinganisha na kufungua Worldview kwenye simu. Mtu mmoja mwenye laptop apakue, achore, atume picha moja ya skrini kwenye kundi. Mraba unaotosha Lindi na Mtwara pamoja na ukingo wa Msumbiji ni longitudo 36.5 hadi 40.7 na latitudo -12 hadi -7.8.

Msitu_Nachingwea

Swali la mwisho, wenzetu wa Kilwa na Lindi wameniuliza. Mwezi wa kumi wanaona baharini tandiko la kijivu la fedha kwenye picha ya mchana, pana kama mkoa. Wanadhani ni moshi wa Msumbiji umeingia baharini. Ni kweli?

Kusi_na_Umande

Mara nyingi huo ni mng'ao wa jua. Katikati ya mwezi wa kumi jua linapita utosini latitudo zetu, na bahari inalirudisha moja kwa moja kwenye kamera. Upepo ukitikisa maji, mng'ao unatawanyika na kuwa tandiko pana lisilo na kingo kali, linafanana sana na moshi. Hata AOD hapo inakuwa tupu, kwa sababu wapimaji wanaliruka eneo la mng'ao.

Jaribio: tazama picha ya NOAA-21 na ya NOAA-20 za siku ileile. Zimepishana kama dakika 50 na kila moja imepita njia yake. Mng'ao unaifuata setilaiti, kwa hiyo tandiko litaruka mamia ya kilomita. Moshi kwa dakika 50 utakuwa palepale, au umesogea kilomita chache upande wa upepo. Kisha fuata tandiko kurudi nchi kavu. Moshi una mkia unaorudi hadi kwenye nukta za pwani ya Cabo Delgado, mng'ao unakatika ghafla kwenye mstari wa ufukwe. Vikiwa vimelaliana, moshi juu ya mng'ao huonekana mweusi kidogo badala ya mweupe, na hapo tumia kaboni monoksidi ya Sentinel-5P.